Kampuni ya wahandisi inapomilikiwa na wahandisi wenyewe: deni linalokua pamoja na mafanikio

Mwaka 1946 zilizaliwa kampuni mbili za ushauri wa kihandisi ambazo waanzilishi wao hawakujuana. Jijini London, Ove Arup, mhandisi aliyekwisha kujijengea jina katika ujenzi wa zege, alifungua ofisi yake mwenyewe. Katika mji mdogo wa Corvallis, jimbo la Oregon nchini Marekani, vijana watatu, Holly Cornell, James Howland na Burke Hayes, waliungana na Fred Merryfield, aliyekuwa mwalimu wao chuoni, wakaanza kusanifu mifumo ya maji safi na majitaka. Herufi za kwanza za majina yao, zenye H mbili, ziliandikwa kwa mtindo wa fomula ya kemia: CH2M. Baada ya kuungana mwaka 1971 na kampuni ya Clair Hill ya Redding, California, ikaitwa CH2M Hill.

Kampuni zote mbili zilikua hadi kuajiri maelfu ya watu katika mabara kadhaa, na zote zilijulikana kuwa mali ya wafanyakazi wake. Arup ilifanya hesabu zilizowezesha paa la Jumba la Opera la Sydney kusimama. CH2M Hill ilikuwa miongoni mwa kampuni tatu zilizosimamia maandalizi ya viwanja na miundombinu ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Hata hivyo, mwishoni mwa 2017 CH2M ilinunuliwa na kampuni ya Jacobs, ambayo hisa zake huuzwa katika soko la umma, ilhali Arup imebaki mikononi mwa amana, yaani chombo cha wadhamini kinachoishikilia kwa niaba ya wafanyakazi. Wapo wanaoeleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba upande mmoja uliongozwa vizuri na mwingine vibaya. Maelezo hayo yana ukweli kidogo, lakini yanaruka jambo la msingi zaidi, nalo ni swali ambalo kila kampuni ya aina hii hulazimika kulijibu mapema: mfanyakazi anapoondoka, je, anaondoka na thamani ya hisa au haondoki nayo?

Ili kuona kwa nini swali hilo ni zito, lazima kwanza tuangalie bidhaa inayouzwa. Kampuni ya ushauri wa kihandisi haiuzi saruji wala nondo. Huuza hesabu, michoro, usimamizi wa kazi, na saini ya mhandisi aliyesajiliwa ambaye anakubali kuwajibika iwapo daraja litapata ufa. Mali yake ya kudumu ni meza, kompyuta na pengine maabara ya kupima udongo. Thamani iliyobaki imo vichwani mwa watu wanaoweza kuacha kazi kwa notisi fupi, wakachukua pamoja nao imani ya wateja waliowazoea kwa miaka. Kwa sababu hiyo benki huona kidogo cha kushika kama dhamana, na mnunuzi kutoka nje hujikuta akinunua kitu ambacho kinaweza kutawanyika siku chache baada ya mkataba kutiwa saini.

Zamani suluhisho lilikuwa ubia. Wahandisi wachache wa ngazi ya juu walimiliki kampuni, na kila mmoja alipozeeka alimuuzia sehemu yake kijana aliyepanda cheo. Utaratibu huo hufanya kazi kampuni ikiwa ndogo. Ikikua, sehemu ya mbia mmoja hufikia bei ambayo mhandisi wa miaka thelathini na mitano, mwenye mkopo wa nyumba na watoto shuleni, hawezi kuilipa hata akikopa. Ukuaji wenyewe, basi, ndio unaovunja ubia, na hapo wamiliki hubaki na njia tatu tu: kuuza kwa kampuni kubwa zaidi, kupeleka hisa sokoni, au kutafuta namna ya kuwauzia wafanyakazi wote kwa pamoja.

Burns & McDonnell ya Kansas City, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilipita njia mbili kati ya hizo. Mwaka 1971 ilinunuliwa na Armco, kampuni ya chuma. Katikati ya miaka ya 1980, mmiliki huyo alipokuwa akiuza baadhi ya mali zake, wafanyakazi walikopa na kuinunua kampuni yao. Wakati huo walikuwa mamia. Leo wanazidi elfu kumi. Ni mfano unaotajwa sana, na kwa haki, ila ni vyema kujua mashine iliyofanya kazi nyuma yake, kwa sababu mfanyakazi wa kawaida hakutoa hata senti mfukoni mwake.

Mfuko unaokopa

Mashine hiyo ni mpango wa umiliki wa hisa kwa wafanyakazi, uliobuniwa na Louis Kelso, mwanasheria wa San Francisco. Aliutumia kwa mara ya kwanza mwaka 1956, ili wafanyakazi wa kampuni ya magazeti ya California wanunue hisa za wamiliki waliokuwa wakistaafu. Hoja ya Kelso ilikuwa rahisi. Tajiri hununua mali kwa mkopo na kuulipa kwa mapato ya mali hiyohiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya msingi ya kumnyima mfanyakazi nafasi kama hiyo. Mwaka 1974 Bunge la Marekani liliupa mpango huu nafasi katika sheria ya pensheni za wafanyakazi, baada ya kutetewa kwa nguvu na Russell Long, seneta wa Louisiana aliyeongoza kamati ya fedha ya Seneti.

Unavyofanya kazi ni hivi. Kampuni huunda mfuko wenye mdhamini. Mfuko hukopa, mara nyingi kupitia kampuni yenyewe, na kununua hisa za mwanzilishi. Hisa hizo huwekwa katika akaunti ya kusubiri. Kila mwaka kampuni huchangia mfuko kiasi cha kulipa sehemu ya mkopo, na kadiri deni linavyopungua ndivyo hisa zinavyotoka katika akaunti ya kusubiri na kugawiwa kwenye akaunti za wafanyakazi, kwa kawaida kwa uwiano wa mishahara yao. Haki ya mfanyakazi juu ya hisa hizo hukomaa kwa muda: sheria huruhusu ikamilike yote kwa pamoja baada ya miaka 3, au hatua kwa hatua kati ya mwaka wa 2 na wa 6. Kwa kuwa hakuna soko la kupanga bei, mthamini huru hukadiria thamani ya hisa angalau mara moja kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi. Kampuni ina thamani ya dola milioni 20 na hisa milioni 1. Mfuko unakopa milioni zote 20 na kuinunua yote. Siku inayofuata hisa ambayo mwanzilishi aliuza kwa dola 20 inakaribia kukosa thamani, kwa sababu kampuni sasa ina deni linalolingana na thamani yake yote. Wafanyakazi wengi hushtuka wanapopokea taarifa yao ya kwanza na kukuta tarakimu ndogo kiasi hicho, wakadhani wamedanganywa. Hawajadanganywa. Deni likilipwa kwa miaka 10, na kampuni ikikua kwa takriban asilimia 7 kila mwaka, thamani yake itafika karibu dola milioni 40 bila deni, na kila hisa itakuwa na thamani ya dola 40. Mhandisi aliyekusanya hisa 12,000 atakuwa na dola 480,000 ambazo hakuzilipia kutoka katika mshahara wake.

Kodi nayo inasaidia sana. Tangu mwaka 1998 sheria ya Marekani inaruhusu mfuko wa aina hii kuwa mwanahisa wa kampuni ambayo faida yake hutozwa kodi mikononi mwa wanahisa badala ya kutozwa kwenye kampuni. Mfuko wenyewe umesamehewa kodi, kwa hiyo kampuni inayomilikiwa na mfuko kwa asilimia 100 hailipi kodi ya mapato ya serikali kuu kwa faida yake. Kodi husubiri hadi mfanyakazi achukue mafao yake. Fedha ambayo mshindani huipeleka kwa mtoza kodi, kampuni hii huitumia kulipa mkopo, kufungua ofisi au kununua kampuni ndogo. Sehemu kubwa ya ukuaji ambao watu huuhusisha na moyo wa umiliki hutokana na kanuni hii ya kodi, na sioni aibu yoyote katika kulikiri hilo.

Kuna kikwazo kimoja ambacho kampuni za uhandisi hukutana nacho kuliko za biashara nyingine. Baadhi ya majimbo ya Marekani hutaka kampuni inayotoa huduma za uhandisi imilikiwe, yote au kwa sehemu kubwa, na wahandisi wenye leseni. Mfuko hauna leseni. Jimbo la New York, kwa mfano, lililegeza sharti hilo kuanzia mwaka 2012 kwa aina maalumu ya kampuni za usanifu na uhandisi, likaruhusu mifuko ya wafanyakazi na watu wasio na leseni kushika chini ya robo ya hisa. Kampuni inayotaka kufanya kazi katika majimbo mengi, kwa hiyo, huweza kulazimika kuwa na kampuni tanzu yenye umiliki tofauti mahali fulani, ilhali jina na watu ni walewale.

Siku ya kulipa

Mpaka hapa habari ni nzuri mno. Fundo linaanza pale mhandisi wetu mwenye hisa 12,000 anapostaafu. Hawezi kuziuza sokoni, kwa sababu soko halipo. Sheria inampa haki ya kuirudishia kampuni hisa zake kwa bei iliyokadiriwa, na kampuni haina ruhusa ya kukataa. Inaweza kumlipa kwa awamu za hadi miaka 5, na aliyeacha kazi kabla ya kustaafu inaweza kumsubirisha miaka kadhaa kabla ya kuanza kumlipa, lakini mwishowe lazima ilipe.

Turudi kwenye mfano. Wahandisi 10 wa kizazi kimoja, kila mmoja akiwa na hisa 12,000, wanaondoka katika kipindi kimoja. Kampuni inadaiwa dola milioni 4.8. Ikiwa kampuni za namna hii hukadiriwa kwa mara 6 ya faida ya mwaka, basi kampuni yenye thamani ya milioni 40 hupata faida ya takriban milioni 6.7. Watu 10 tu wamechukua karibu robo tatu ya faida ya mwaka mzima.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba dawa ni kukua haraka zaidi. Tuseme kampuni ilikua kwa asilimia 15 kwa mwaka badala ya 7. Baada ya miaka 10 thamani yake ingekuwa karibu milioni 81 na hisa moja ingefika dola 81. Deni kwa watu wale 10 nalo lingepanda hadi milioni 9.7, na kwa kipimo kilekile cha mara 6, faida ingekuwa milioni 13.5. Uwiano haujabadilika hata kidogo: ni robo tatu ileile. Kinachoamua uzito wa mzigo ni sehemu ya hisa zinazorudi katika mwaka mmoja, ikizidishwa na kipimo cha ukadiriaji. Ukuaji huongeza tarakimu za pande zote mbili za mizani na kuiacha mizani palepale.

Kwa kweli hali ni mbaya kidogo kuliko hivyo, kwa sababu faida iliyo katika vitabu si fedha iliyo benki. Kampuni ya ushauri hulipa mishahara kila mwezi, lakini mteja, hasa mamlaka ya umma, hulipa ankara baada ya miezi miwili au mitatu. Kila mhandisi mpya anayeajiriwa ni miezi kadhaa ya mshahara ambayo kampuni inaitanguliza kabla kazi yake haijalipiwa. Kadiri kampuni inavyokua kwa kasi ndivyo fedha nyingi zaidi zinavyokwama katika ankara ambazo hazijalipwa. Mthamini anaangalia faida na kupandisha bei ya hisa. Mhasibu anaangalia akaunti na kukuta haina kitu. Wakati huohuo wastaafu wamesimama mlangoni na barua zao. Kampuni yenye busara hufanya makadirio ya deni hili kwa miaka 10 au 20 ijayo, ikipanga umri wa kila mfanyakazi na hisa zake. Isiyo na busara husema kwamba italishughulikia likifika.

Hisa zikishanunuliwa kutoka kwa aliyeondoka, kuna njia mbili za kuzifanyia. Kampuni inaweza kuzifuta. Kwa njia hiyo idadi ya hisa inapungua, na kila hisa iliyobaki inawakilisha kipande kikubwa zaidi cha kampuni. Wanaofaidi ni wenye hisa nyingi, yaani wakongwe. Au inaweza kuchangia mfuko fedha za kuzinunua na kuzigawa upya kwa wafanyakazi wote kufuatana na mishahara. Hapo wanaofaidi zaidi ni vijana. Uamuzi huu huonekana kama jambo dogo la kihasibu, hupitishwa kwenye kikao bila mjadala mrefu, na ndio unaoamua kampuni itakuwa ya nani baada ya miaka 15.

Nasema hivyo kwa sababu mkopo wa mwanzo una tabia ya kuisha. Wakati unalipwa, kila mwaka hisa mpya hutoka katika akaunti ya kusubiri na kila aliyepo hupata mgawo. Ukiisha, akaunti ya kusubiri huwa tupu. Kampuni iliyokuwa na wahandisi 100 sasa ina 400, na wale 300 walioajiriwa baadaye wanasikia kila siku kwamba wao ni wamiliki huku akaunti zao zikiwa na chembe. Hisa ziko kwa wale wa mwanzo, ambao baadhi yao hawapo tena kazini na wanasubiri awamu zao. Kijana anayefanya kazi hadi usiku kumaliza michoro ya zabuni anajua kwamba faida ya zabuni hiyo, ikipatikana, itamlipa mtu ambaye hajawahi kumwona. Hali hii haiondoki kwa semina za kuhimiza moyo wa umiliki. Huondoka, ikiondoka, kwa kugawa hisa upya, na kwa kuanza kufanya hivyo kabla akaunti ya kusubiri haijakauka.

Soko la ndani na kilichoikuta CH2M

CH2M Hill haikutegemea mkopo wa mfuko peke yake. Ilitaka mfanyakazi anunue hisa kwa fedha zake, ajue uchungu wake. Mwaka 2000 ilianzisha soko la ndani ambapo wafanyakazi waliuziana hisa katika siku maalumu zilizotangazwa mara chache kwa mwaka. Bei haikupangwa na ushindani wa wanunuzi. Ilipangwa na bodi kwa kanuni iliyojumuisha faida ya robo nne zilizopita, mtaji wa wanahisa na kigezo cha hali ya soko. Kampuni ilikuwa na hiari ya kununua hisa zilizokosa mnunuzi, ila haikuwa na wajibu.

Neno hilo, hiari, halikumsumbua mtu kwa miaka mingi. Kampuni ilikuwa ikikua, vijana walikuwa wakinunua, wazee wakiuza. Mwaka 2011 ilinunua Halcrow, kampuni kongwe ya Uingereza, na pamoja na wahandisi wake ikarithi pensheni zenye upungufu mkubwa. Ikaingia pia katika mikataba ya ujenzi ya bei isiyobadilika, ambapo mkandarasi hubeba hasara yote gharama zikizidi makadirio. Mradi wa mtambo wa umeme kaskazini mwa Australia ulikuwa mmoja wa iliyogeuka mzigo mzito.

Ikumbukwe kwamba mikataba ya bei isiyobadilika ni biashara ya aina nyingine kabisa. Mshauri anayelipwa kwa saa hawezi kupoteza zaidi ya saa zake. Mjenzi wa bei isiyobadilika anaweza kupoteza kampuni nzima. Kampuni iliyo katika soko la umma inapopata hasara ya namna hiyo, bei ya hisa huanguka lakini fedha za kampuni haziguswi na wanaouza, kwa sababu mnunuzi ni mtu mwingine aliye nje. Katika soko la ndani, anayeuza na anayenunua hukaa jengo moja na husoma taarifa ileile. Habari mbaya zikifika, wote wanataka kuuza siku moja. Wauzaji wakawazidi wanunuzi, na kampuni, ambayo wakati huo ilihitaji kila dola yake kwa ajili ya miradi, haikuweza kununua ziada yote. Watu waliodhani wana akiba ya uzeeni walikuta wana karatasi zenye bei rasmi na zisizo na mnunuzi.

Mwaka 2015 CH2M ikauza hisa za upendeleo, yaani hisa zinazolipwa kabla ya hisa za kawaida, kwa mfuko wa uwekezaji unaosimamiwa na kampuni ya Apollo. Kwa mara ya kwanza mtaji mkubwa uliingia kutoka kwa mtu asiyefanya kazi pale, na mtaji wa aina hiyo huja na matarajio ya lini na kwa njia gani utatoka. Agosti 2017 ikatangazwa kwamba Jacobs itainunua kampuni kwa dola bilioni 2.85, au takriban bilioni 3.27 ukihesabu na madeni, asilimia 60 kwa fedha taslimu na 40 kwa hisa za Jacobs. Wanahisa wafanyakazi walipiga kura na kukubali, na kabla ya mwaka kuisha kampuni ikawa sehemu ya Jacobs. Sioni kama walikosea. Walikuwa na mali isiyouzika na wakapewa fedha pamoja na hisa zinazouzika siku yoyote ya kazi.

Parsons, kampuni nyingine kubwa ya uhandisi ya Marekani, ilijibu tatizo hilohilo kwa namna ya kati. Mfuko wa wafanyakazi uliimiliki yote tangu mwaka 1984, kisha Mei 2019 ikapeleka sehemu ya hisa katika Soko la Hisa la New York huku mfuko ukibaki na sehemu kubwa zaidi. Mstaafu sasa ana mahali pa kuuzia. Kwa upande mwingine, wakurugenzi sasa huulizwa maswali kila robo mwaka na wachambuzi ambao hawajawahi kuona mradi.

Umiliki usio na hisa za mtu

Arup ilichagua jibu jingine kabisa. Julai 1970 Ove Arup alihutubia viongozi wa kampuni huko Winchester, akaeleza kampuni aliyotaka iendelee baada yake: ifanye kazi bora, imtendee kila mmoja utu, na wanaofanya kazi ndio wafaidi ustawi wake. Katika miaka ya 1970 umiliki ukahamishiwa kwenye amana zinazoshikilia kampuni kwa manufaa ya wafanyakazi wa kila kizazi. Mfanyakazi wa Arup hupokea mgawo wa faida ya mwaka. Hana hisa ya kuuza. Akistaafu, anaondoka na pensheni yake ya kawaida na kumbukumbu, na kampuni haimdai wala haidaiwi.

Matokeo yake ni kwamba deni tulilolihesabu hapo juu halipo kabisa. Hakuna mthamini wa kila mwaka, hakuna wastaafu wanaosubiri awamu, hakuna kizazi cha kwanza kinachokalia hisa zote. Kijana wa mwaka wa kwanza na mkongwe wa miaka 30 wanagawana faida ya mwaka uleule kwa kanuni ileile. Lakini mlango huo una gharama zake. Kwa kuwa hakuna hisa za kuuza, mtaji wa kukua hutoka katika faida iliyobakizwa au mikopo, na kila pauni inayobakizwa imeondolewa katika mgawo wa walio kazini kwa ajili ya wafanyakazi ambao bado hawajaajiriwa. Aliyeijenga ofisi mpya kwa miaka 20 hapati tuzo kwa thamani aliyoijenga, ila sehemu yake ya faida ya miaka aliyokuwepo. Wapo wahandisi hodari ambao wataona hilo si haki na kwenda kwingine, na ni vigumu kuwalaumu.

Uingereza iliufanya mtindo huo kuwa njia rasmi kwa sheria ya fedha ya mwaka 2014. Mmiliki anayeuza zaidi ya nusu ya kampuni yake kwa amana ya wafanyakazi alisamehewa kodi yote ya ongezeko la mtaji, na kampuni ikaruhusiwa kumlipa kila mfanyakazi bonasi ya hadi pauni 3,600 kwa mwaka bila kodi ya mapato. Kampuni nyingi za ushauri, zikiwemo za wahandisi na wasanifu majengo, zikafuata njia hiyo, kiasi kwamba serikali ilipunguza msamaha huo hadi nusu katika bajeti ya Novemba 2025. Kwa kawaida mwanzilishi halipwi papo hapo. Hulipwa kidogo kidogo kutokana na faida za miaka inayofuata. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo deni lipo, ila lina mdai mmoja na lina mwisho. Likiisha, halizaliwi tena.

Limebaki suala la nani anaamua, ambalo watu hulichanganya na umiliki. Katika mfuko wa Kimarekani mdhamini ndiye anayepiga kura ya kuchagua wakurugenzi. Sheria inawapa wafanyakazi wa kampuni isiyo sokoni kura ya moja kwa moja katika mambo makubwa tu, kama kuungana na kampuni nyingine, kuivunja au kuuza karibu mali yake yote. Katika amana ya Kiingereza wadhamini ndio wenye nguvu, na mara nyingi mmoja au wawili kati yao huchaguliwa na wafanyakazi. Mhandisi anaweza kuitwa mmiliki kwa miaka 25 bila kuulizwa hata mara moja nani awe mkurugenzi mkuu. CH2M, iliyouzwa, ndiyo iliyokuwa imewapa wafanyakazi wake kura kamili ya wanahisa, na waliitumia kuiuza.

Kwa mhandisi anayepewa kazi katika kampuni ya namna hii na kuambiwa kwamba atakuwa mmiliki, nyaraka tatu zinafaa kuombwa kabla ya kukubali mshahara mdogo kwa matumaini ya hisa: makadirio ya hivi karibuni ya deni la kununua hisa za wanaoondoka, mgawanyo wa hisa kwa umri wa wafanyakazi, na kanuni inayosema hisa zinazorudi hufutwa au hugawiwa upya. Aulize pia ni sehemu gani ya akiba yake itaruhusiwa kuhamishwa kwenda kwenye uwekezaji mwingine. Sheria ya Marekani inamruhusu kuhamisha robo akifika miaka 55 na kuwa mwanachama kwa miaka 10, kisha hadi nusu miaka 5 baadaye. Hadi siku hiyo, mshahara wake na sehemu kubwa ya akiba yake vinategemea zabuni zilezile.